Baina ya Safa na Marwa: Pale Mama Alipokimbia



Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake.

Ndugu wasomaji, na hasa kina mama wenzetu, wiki hii twaomba ruhusa ya kuwachukua katika safari. Ni safari ya Umra tuliyoifanya tukiwa wanne: mama yetu mzazi, sisi dada wawili, na kaka yetu mdogo aliyekuwa mahram wetu. Nyumbani Mombasa tulimwacha mtoto wa miaka minane, mgonjwa wa selimundu, maradhi ambayo wengi wetu hapa pwani huyaita sikoseli. Mmoja wetu ndiye aliyemzaa. Ni yupi hatutasema, kwani katika nyumba yetu mtoto huyu ni wa wote, na usiku anapolia kwa maumivu hakuna anayeuliza zamu ni ya nani kuamka.

Kule Makka, ndani ya Msikiti Mtukufu, iko njia isiyotimia nusu kilomita kwa urefu. Katika njia hiyo tulifundishwa maana ya kumtegemea Mwenyezi Mungu, neno ambalo tangu utotoni tulikuwa tukilisikia mawaidhani, tukilitikia, na kurudi nyumbani bila kulifahamu.

Hali tuliyoondoka nayo

Yafaa kwanza tuseme kweli. Mtoto wetu alikuwa hajatimiza mwaka mmoja vidole vyake vya mikono na miguu vilipovimba, akawa analia kilio ambacho ziwa la mama halikuweza kukinyamazisha. Tulihangaika. Wako waliotuambia ni jicho. Wako waliosema ni husuda ya mke mwenza, ilhali mke mwenza hayupo. Tulikwenda kwa kila aliyedai ana dawa, tukafunga hirizi, tukachoma ubani, tukatoa pesa tulizokuwa nazo na tulizokopa, na mtoto akazidi kudhoofika. Ndipo kipimo kidogo cha damu kikatueleza kwa siku chache yale ambayo waganga hawakutueleza kwa miaka miwili. Baba na mama, wote wawili, wamebeba urithi wa maradhi haya bila wao wenyewe kuugua, na wazazi wa namna hiyo, katika kila mimba, wana nafasi moja katika nne ya kupata mtoto mgonjwa. Chembe nyekundu za damu, ambazo kwa kawaida ni za mviringo, kwake yeye hujipinda mfano wa mundu, zikakwama katika mishipa midogo. Hapo ndipo maumivu yanapotoka.

Daktari alitupa maagizo mengi. Lililorudiwa zaidi ndilo lililokuwa jepesi kuliko yote: mtoto huyu asikose maji. Mwili wake ukikaukiwa, chembe zile hujipinda zaidi. Nanyi mwaijua Mombasa yetu. Mfereji waweza kukauka wiki nzima, na mama akawa amesimama mlangoni kuusubiri mkokoteni wa mitungi kama anayemsubiri mgeni mheshimiwa. Mara ngapi tumemtazama mtoto huyu midomo imemkauka, na ndoo iko tupu!

Hata hivyo, jambo lililotuelemea zaidi lilikuwa ndani ya nyoyo zetu. Dua zetu zilikuwa zimechoka. Tuliomba kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba anayoamini kuwa wenyewe wamehama. Majirani waliokuja kutupa pole walitukumbusha kwamba jitihada haiondoi kudura, nasi methali hiyo tukaifanya mto wa kulalia. Vidonge vilipokwisha tulichelewa kununua vingine. Siku za kliniki zilipofika tuliona uzito kwenda. Tulijiambia kuwa tumemwachia Mungu, kumbe tulikuwa tumekata tamaa na kuivisha tamaa yetu iliyokatika kanzu ya tawakali.

Ni mama yetu aliyesema twende Umra. Pesa alikuwa akiziweka kidogo kidogo kwa miaka mitano, kutokana na mahamri na mbaazi anazouza asubuhi. Alisema, "Wanangu, tukambishie Mola hodi kwenye nyumba Yake."

Vilima visivyo na mto

Tulipanda treni Miritini asubuhi kuelekea Nairobi, ambako ndege ya Jeddah ilikuwa ikitusubiri. Baada ya kupita Voi na kuvuka Mtito Andei, kaka yetu alituonyesha dirishani, upande wa kushoto, vilima vya Chyulu vimelala kwa mbali, vya kijani, kimya. Alitueleza jambo tusilolijua. Vilima vile havina mto. Mvua ikinyesha juu yake huzama yote ndani ya mawe meusi yaliyotokana na volkano, na macho ya watu huona kuwa imepotea. Lakini maji hayo husafiri chini ya ardhi, kilomita nyingi, kisha huchomoza katika chemchemi za Mzima, ndani ya mbuga ya Tsavo, na kutoka huko bomba huyaleta mpaka Mombasa. "Yale mnayokinga ndooni," alisema, "pengine ni mvua iliyopita juu ya vilima hivi, na hakuna mtu aliyeyaona njiani."

Mama alivitazama vile vilima mpaka vikatoweka. Hakusema kitu, nasi hatukumuuliza.

Ndegeni ilipotangazwa kwamba tunakaribia miqati, tulitia nia na sauti zikapanda kwa talbiya. Kutoka Jeddah basi lilikwenda yapata kilomita 80 katikati ya majabali makavu. Hatukuona mnazi, wala mwembe, wala kijito. Tulitazamana, kwa kuwa sisi watu wa pwani tumezoea kuona kijani hata ukame unapozidi, nasi sasa tukafahamu kwa macho kwa nini bonde lile limetajwa kuwa halikuwa na mimea.

Kuiona Al-Kaaba kwa mara ya kwanza hatutaeleza. Waliojaaliwa kufika wanajua, na wasiojaaliwa twamwomba Mwenyezi Mungu awafikishe. Tulitufu baada ya swala ya Isha, tukaswali rakaa mbili, tukanywa maji ya Zamzam. Kaka yetu akaitazama simu yake, na uso wake ukabadilika.

Ujumbe ulitoka kwa shemeji yetu, baba wa mtoto. Maneno yalikuwa machache. Mtoto amelazwa. Damu imeshuka sana. Anahitaji kuongezwa, na ya kundi lake haipo. Natafuta.

Saa ya Makka na saa ya Mombasa ni moja. Ilikuwa saa nne za usiku huku, na saa nne za usiku kule. Tulikuwa tumesimama mbele ya Nyumba ambayo Waislamu wa dunia nzima huielekea, na tukajihisi kuwa tuko mahali pasipofaa kabisa. Mmoja wetu aliketi sakafuni, akajifunika uso kwa ncha ya buibui. Tulikuwa tumebakiza sa'yi na kupunguza nywele, na miguu haikuwa na nguvu.

Mama yetu, ambaye magoti yake hayamruhusu kutembea mwendo mrefu, alikuwa ameshapandishwa kwenye kiti cha magurudumu. Akatuinamia na kusema, "Lieni, wanangu, lakini msikae. Aliyetutangulia hapa hakukaa."

Mama wa kwanza

Basi tukapanda Safa. Kilima chenyewe leo kimo ndani ya jengo. Mawe yake yamebakishwa na kuwekewa kizuizi, na mbele yake unatandaa ukumbi mrefu wa marumaru, wenye ghorofa, taa na viyoyozi, hadi Marwa. Kwa hakika ni rahisi mtu kusahau kwamba hapa palikuwa jangwa. Tulielekea kibla, tukainua mikono, na kisa cha Bi Hajar (A.S.) kikatujia kana kwamba hatukuwahi kukisikia.

Nabii Ibrahim (A.S.) alimleta bondeni hapa yeye na mwanawe mchanga, Ismail (A.S.), akawawekea mfuko wa tende na kiriba cha maji, kisha akageuka kwenda zake. Bi Hajar alimfuata, akimuuliza anawaacha na nani mahali pasipo na mtu wala kitu, na hakujibiwa. Akauliza mara nyingi. Mwisho akauliza kama ni Mwenyezi Mungu aliyemwamrisha hivyo. Aliposikia kuwa ndiyo, alisema kwamba basi Yeye hatawapoteza, akarudi kwa mwanawe. Nabii Ibrahim naye alipofika mahali wasipoweza kumwona alielekea upande wa Nyumba, akainua mikono na kuwaombea.

Tumekisikia kisa hiki mara nyingi, lakini usiku ule tulikiona kwa mpangilio wake. Bi Hajar alitamka yakini yake wakati kiriba kingali na maji. Kisha maji yakaisha. Maziwa yakamkauka kifuani. Mtoto akawa anajinyonganyonga kwa kiu mbele ya macho yake. Je, hapo aliketi akingoja ahadi itimie? La. Alipanda Safa, kilima kilichokuwa karibu naye zaidi, akatazama kama atamwona mtu, asimwone. Akashuka, akainua pindo la nguo yake, akalikimbia bonde mbio za mtu aliyetaabika, akapanda Marwa, akatazama, asimwone mtu. Akarudi. Mara saba.

Yakini haikumzuia kukimbia, na kukimbia hakukumpunguzia yakini. Sisi tulikuwa tumevitenganisha vitu viwili hivi. Tulipokimbia kwa waganga tulikimbia bila yakini, na tulipodai kuwa na yakini tulikaa kitako. Yeye alivibeba vyote viwili kwa pamoja, katika jua, na mtoto akilia.

Penye taa za kijani

Katika njia ya sa'yi iko sehemu yenye taa za kijani. Wanaume wakiifikia hutakiwa kwenda mbio kidogo, nasi wanawake hutembea mwendo wetu wa kawaida. Hapo ndipo palipokuwa bondeni penyewe. Husimuliwa kwamba Bi Hajar alikuwa akiharakisha hapo kwa sababu akishuka chini hakuweza tena kumwona mwanawe, na akipanda upande wa pili alimwona.

Fikirini, kina mama. Alikimbia mahali ambapo hakumwona mtoto.

Nasi tulikuwa mahali hapo hapo. Mtoto wetu alikuwa kitandani, ng'ambo ya bahari na majangwa, hatumwoni. Kila tulipozifikia taa zile moyo ulitaka kukimbia, na miguu ikakatazwa. Wanaume walitupita mbio, Waafrika, Waarabu, Waturuki, Wahindi, watu wa mataifa tusiyoyajua, wazee kwa vijana. Ndipo mmoja wetu akamnong'oneza mwenzake kwamba wanaume wote hawa, karne kwa karne, wanakimbia kwa kufuata nyayo za mwanamke mmoja, mama aliyekuwa peke yake na mtoto mwenye kiu. Sura ya Al-Baqara, katika aya ya 158, imezitaja Safa na Marwa kuwa ni katika alama za Mwenyezi Mungu. Mahangaiko ya mama yamefanywa ibada. Hapo tulilia, lakini kwa kilio kingine.

Naye mama yetu alikimbia, akiwa ameketi. Kaka yetu alipokuwa akikisukuma kile kiti katika njia ya katikati iliyotengewa viti, alifanya mbio kila alipofika penye taa, na mama akawa mwanamke pekee kati yetu aliyekwenda kasi usiku ule, kashikilia mtandio kwa mkono mmoja na tasbihi kwa mkono wa pili. Tulicheka katikati ya machozi. Hata katika dhiki Mola humpa mja wake nafasi ya kuvuta pumzi.

Mizunguko saba hutimia takriban kilomita tatu. Kwa kawaida mtu husoma dua alizohifadhi. Sisi tulianza na hizo, na kufikia mzunguko wa nne tulikuwa hatuna dua ila maneno yetu ya nyumbani, ya Kimvita: Ya Rabbi, mtoto wetu, Ya Rabbi, Wewe wamwona. Zamani tuliomba huku tukijiambia kuwa pengine hatusikilizwi. Usiku ule hatukuijua njia ambayo msaada ungepitia, lakini hatukuwa na shaka tena na Yule tunayemwomba. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa Mwenyezi Mungu yuko kwa mja wake kama mja anavyomdhania. Kumdhania vibaya baada ya kufika kwenye Nyumba Yake tuliona haya.

Mkono uliokuwa karibu

Tulimaliza Marwa, tukapunguza nywele, tukarudi tulikofikia. Hakuna aliyelala. Kabla ya adhana ya alfajiri simu ililia.

Shemeji yetu alikuwa amehangaika usiku kucha. Alikwenda kwa ndugu zake Kisauni, wawili wakapimwa, damu haikulingana. Akavuka feri ya Likoni kwenda kwa rafiki yake, akakuta amesafiri. Akarudi Majengo, imamu akawatangazia waliokuwa msikitini, wakatokea watu watatu, Mwenyezi Mungu awalipe, na damu yao nayo haikulingana. Muda wote huo alikuwa akibebwa na tuktuk moja, kijana mmoja akiiendesha, mtu wa bara, si wa dini yetu, asiyejua chochote ila kuambiwa kata kulia, kata kushoto. Ilipopita saa nane za usiku kijana akauliza, kwa adabu, "Mzee, tunatafuta nini?" Akaelezwa. Akazima injini, akanyamaza kidogo, akasema kundi lake analijua na ni hilo hilo. Akaligeuza gari lake mpaka hospitalini na kutoa mkono.

Mtu aliyetafutwa pande zote za mji alikuwa ameketi mbele ya shemeji yetu tangu saa tano za usiku.

Nasi tulikuwa tumetoka kutembea njia ile ambayo Bi Hajar alipanda na kushuka, akitazama huku na huku kwa mbali, na maji yasichomoze Safa alikokuwa akipanda, wala Marwa alikokuwa akitazama. Yalichomoza kwa mtoto, mahali alipoondoka, Malaika alipoichimbua ardhi. Alipoyaona hakuketi kuyastaajabia tu. Aliyazungushia mchanga kwa mikono yake na kukijaza kiriba. Baadaye watu wa kabila la Jurhum waliokuwa wakipita waliona ndege wakizunguka juu, wakajua pana maji, wakaja kumwomba ruhusa ya kukaa. Akawaruhusu, kwa sharti kwamba maji yenyewe hawana haki nayo. Hivyo ndivyo ulivyoanza mji wa Makka.

Siku iliyofuata tulikwenda kunywa Zamzam tena. Kisima chenyewe hakionekani. Mdomo wake uko chini ya sakafu ya uwanja wa kutufia, yapata mita 20 kutoka Al-Kaaba, kina chake ni kama mita 30, na maji yake huvutwa kwa pampu. Wataalamu wa ardhi hueleza kwamba hulishwa na mvua ya milima ya Makka inayopenya katika mchanga na miamba ya Bonde la Ibrahim. Mama yetu alipoelezwa hivyo na kaka alitabasamu na kusema, "Kama Chyulu." Kumbe tangu treni alikuwa akilifikiria jambo hilo. Mwenye kuamini haoni mgongano. Aliyemtuma Malaika ndiye aliyeishusha mvua, na rehema Yake huwa njiani kabla ya sisi kuiona.

Kurudi nyumbani

Tulirudi na chupa zetu za Zamzam. Mtoto tulimkuta ametoka hospitali, amekonda, anacheka. Alikunywa, nasi tukamwombea. Lakini hatutawadanganya. Maradhi yake yangalipo. Baada ya mwezi mmoja maumivu yalimrudia, naye akatuuliza, "Si mumeniombea Makka? Mbona bado yauma?"

Na liko jambo zito zaidi. Katika kitanda kilichopakana na chake, usiku ule ule, palikuwa na mtoto mwingine mwenye maradhi hayo hayo. Mama yake alikuwa akiomba kama tulivyokuwa tukiomba. Mtoto yule alifariki. Tulipokwenda kumpa mkono wa tanzia tulikuwa na aibu, kwani wetu yu hai. Hatukujua la kusema, na tukaogopa kumsimulia safari yetu. Ni yeye aliyetuuliza, tukamweleza njia ile na zile taa za kijani, na kwa nini Bi Hajar alikimbia pale. Alinyamaza kitambo kirefu. Kisha akasema, "Basi mimi niko bondeni. Mwanangu hajapotea. Ni mimi tu simwoni."

Ndugu zetu, tangu siku hiyo tumejua kwamba neno lile la Bi Hajar, kuwa Mwenyezi Mungu hatawapoteza, ni pana kuliko tulivyodhani. Lamfaa aliyepata maji, na lamfaa ambaye maji yake yamewekwa mahali ambapo macho ya dunia hayafiki. Mtume (S.A.W.) ametufunza kwamba mja hujibiwa madamu hafanyi haraka akasema ameomba na hakujibiwa. Wala jibu si lazima liwe kile alichokitaja. Huenda akapewa hicho, huenda akaepushwa na baya mfano wake, au akawekewa akiba ya akhera.

Na mtoto wetu tulimjibu vipi? Tulimpa kisa cha Bi Hajar. Alisikiliza, kisha akauliza, "Akijua maji yatakuja mara ya saba?" Tukamwambia la, hakujua. "Sasa mbona alikwenda?" Tukamwambia kwamba hakujua maji yako wapi, lakini alimjua Mwenye maji. Alifikiri, akaomba kikombe chake, akanywa.

Sa'yi ya kila siku

Zamani mtu mmoja alimuuliza Mtume (S.A.W.) kuhusu kumfunga ngamia wake au kumwacha huru na kumtegemea Mungu, akaelekezwa amfunge kwanza kisha ategemee. Nyumbani kwetu sasa iko sa'yi ya kila siku, na twawatajia kwa kuwa huenda iko nyumba yenye haja nayo.

Dawa tulizoandikiwa hazikosekani, wala hatuziachi kwa sababu mtoto amekunywa Zamzam. Siku ya kliniki haipitwi hata mvua ikinyesha. Chupa ya maji iko katika mkoba wake wa shule, na mwalimu wake ameelezwa amruhusu kunywa na kwenda msalani. Analala ndani ya chandarua na kunywa dawa yake ya kinga, kwani malaria kwake ni hatari kubwa. Akipata homa hatungoji kupambazuke, twampeleka hospitali. Na sisi wakubwa tunaofaa kutoa damu twatoa, kwa sababu tumejua maana ya mtu kutafuta usiku kucha.

Wazazi wenye vijana wa kuoa na kuolewa, tunawausia kipimo cha damu kabla ya posa kufikishwa mbali, hasa sisi tunaooana ndugu kwa ndugu. Kufanya hivyo si kukosa imani. Ni kumfunga ngamia.

Kisha dua haiachwi, hata mambo yanapokuwa shwari. Tumeuzoea wakati wa thuluthi ya mwisho ya usiku, baina ya adhana na ikama, na ndani ya sijda. Twaomba kwa lugha yetu, kwa haja yetu kama ilivyo, tukiwa na hakika kuwa mwenyewe Yupo. Ile methali ya majirani nasi tungali twaisema. Jitihada haiondoi kudura, ni kweli, lakini Bi Hajar ametufunza kuwa jitihada yenyewe yaweza kuwa ndani ya kudura. Huyajui yaliyoandikwa, basi inuka ukimbie.

Ewe Mola wetu, uliyeisikia sauti ya mama katika bonde lisilo na mtu, wasikilize kina mama wote walioko mahospitalini usiku huu. Wape shifaa wagonjwa wetu, uwarehemu watoto waliotutangulia, na uwape wazazi wao subira njema. Mlipe mema kila aliyetoa damu yake kumpa asiyemjua. Utujaalie dhana njema Kwako katika dhiki na katika faraja, na utufikishe, sisi na wasomaji wetu, kwenye Nyumba Yako. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.